Bwawa liko kwetu, mbona tunaprinti la Marekani?

Kama umewahi kupita Kenol Jumapili jioni ukirudi Nairobi, unajua foleni ya magari na kelele za makanga. Kuna foleni nyingine ambayo hujaiona. Iko ndani ya saiba ninayofanyia kazi, na watu waliomo ni wazazi. Kila mmoja ameshika simu, anasoma ujumbe wa mwalimu kutoka kwa grupu ya darasa: picha tano za mimea, picha ya chifu, picha ya mto, za rangi, zibandikwe kwenye kitabu, zifike kesho asubuhi.

Mimi ndiye naprinti. Ukurasa wa rangi ni bob ishirini.

Jumapili moja mama fulani aliingia na kijana wake wa Gredi ya Tano. Walihitaji picha ya bwawa. Nikaandika kwa Google, nikachukua ile iliyokuwa safi zaidi, nikaprinti. Ilikuwa Hoover, bwawa la Marekani lililoko mpakani mwa Nevada na Arizona. Kijana akaitazama sana, kisha akaniuliza, "Anti, hii iko wapi?" Nikamwambia Marekani. Akauliza tena, "Kwani Kenya hatuna?" Mamake alikuwa ameshalipa, akamvuta mkono wakaenda.

Wacha nikuambie kilichoniuma. Bwawa la Ndakaini liko hapa hapa Murang'a, kule Gatanga. Lilikamilika mwaka 1994 na linaweza kubeba maji mita milioni 70 za ujazo. Kama uko Nairobi na unasoma hii ukinywa chai, uwezekano mkubwa ni kwamba maji ya hiyo chai yametoka huko. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini. Na kuna handaki la kilomita karibu 12 lililochimbwa chini ya milima yetu ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka huko.

Mtoto anayeishi kwenye kaunti inayonywesha mji mkuu amebandika bwawa la Marekani kwenye kitabu chake. Na aliyemuuzia hiyo picha ni mimi.

Usinielewe vibaya, sina shida na Hoover. Shida yangu ni kwamba hiyo picha haiwezi kujibu swali lolote la huyo kijana. Ndakaini ingeweza. Mbona maji yanatoka kwetu halafu kuna nyumba huku ambazo mfereji ni pambo tu? Nani aliamua? Mvua ikikosa kule Aberdare, Nairobi inakunywa nini? Hapo kuna jiografia, sayansi, hesabu na somo la uraia, vyote ndani ya bwawa moja.

Nisijifanye mjuaji. Nilisoma kaunti hii kuanzia nasari hadi kidato cha nne na sikuwahi kuambiwa hata kwa nini mji wangu unaitwa Kenol. Kama hujui, jina lilitokana na kituo cha petroli cha kampuni ya Kenol, yaani Kenya Oil. Watu walikuwa wanamwambia dere "nishushe Kenol", na hivyo ndivyo mji ulivyopata jina. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa. Jina likatoka kwenye vituo, lakini mji bado unaliita lake. Mwalimu akiwa na dakika arobaini tu, hiyo peke yake ni somo zima: barabara huzaa vipi mji, biashara huanza vipi, na jina la mahali huwa la nani.

Kisha nikaenda chuo Nairobi. Niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda familia. Huwa naulizwa kama najuta. Kukosa cheti, ndiyo, hasa mwenye nyumba akipiga simu. Lakini nikikumbuka nilichokuwa nasoma, nilijua mifano mingi ya mashamba na viwanda vya nchi ambazo sijawahi kukanyaga, na sikujua mmiliki wa shamba nililolipita kila siku nikienda shule. Nilikuwa nimefundishwa kwamba elimu ni kitu kinachokaa mbali, na kwamba ukiipata utahama kwenu.

Sasa utaniambia CBC ilikuja kurekebisha hayo. Kwenye karatasi, ndiyo. Mtaala huu ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, tuliambiwa mtoto atajifunza kwa kutenda, kwa kutumia vitu vya mazingira yake, na jamii itakuwa sehemu ya shule. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, tukasema enzi ya kukariri imekwisha. Lakini mimi nakaa saiba, naona mwisho wa ule mnyororo. Neno "mazingira" limefika kwa mzazi likiwa limegeuka kuwa "lipa bob ishirini". Mtoto anatumwa kuleta picha ya jani wakati nje ya dirisha la darasa kuna mti.

Twende mfano kwa mfano, ndiyo usiseme napiga domo tu.

Anza na mlima wowote huku kwetu, pande za Kigumo, Kangema au Mathioya. Utaona shamba limekatwa ngazi ngazi. Yale ni matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Aina moja inaitwa fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa kingo. Jina hilo lilianzia hapa Kenya, na leo wataalamu wa udongo wa nchi nyingine wanaandika "fanya juu" hivyo hivyo kwenye vitabu vyao vya Kiingereza. Maneno mawili ya Kiswahili cha shambani yamesafiri dunia nzima, na mtoto wa Murang'a anayeyakanyaga kila asubuhi hajaambiwa.

Lakini hayo matuta yana hadithi nyingine. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ililazimisha watu kuyachimba bila malipo, machifu wakisimamia. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi, kwa hivyo mzigo uliwaangukia wanawake. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a, enzi hizo ikiitwa Fort Hall, walichoka. Wakaenda hadi ofisi ya mkuu wa wilaya wakiimba na kucheza, wakasema hawachimbi tena, kazi ya nyumbani inawatosha.

Sasa fikiria darasa la Gredi ya Saba limesimama kwenye tuta moja kama hilo. Mwalimu wa kilimo anaeleza kwa nini tuta linasaidia, na kweli linasaidia, sisi ambao kila masika tunasikia habari za maporomoko ya ardhi tunajua. Mwalimu wa historia anauliza: kama lilikuwa jambo zuri, mbona wanawake walikataa? Hilo swali ni gumu. Lazima mtoto afikirie tofauti kati ya kufanya kitu kizuri na kulazimishwa kukifanya. Mwalimu wa hesabu anaweza kupima mteremko kwa kamba na kijiti. Hakuna aliyelipa nauli, na mimi sijaprinti chochote.

Mfano wa pili ni mti. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alipokuwa mtoto mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na huo mti kulikuwa na kijito. Baadaye, akiwa msomi, alielewa kwamba mizizi ya mugumo hushika udongo na kusaidia maji kutokea juu. Mti ulipokatwa, kijito kilikauka. Alichoambiwa kama mwiko kilikuwa pia sayansi, ila kilisemwa kwa lugha nyingine. Mwaka 2004 huyo mtoto wa Ihithe alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ya kwanza kwa mwanamke Mwafrika. Shule ngapi za eneo hili zina mugumo au mkuyu karibu na uzio? Na ni ngapi zinautumia kwa kitu kingine zaidi ya kivuli cha mkutano wa wazazi?

Mfano wa tatu ni mtu. Kandara si mbali na hapa. Mbunge wa kwanza wa Kandara baada ya uhuru alikuwa Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Serikali ya uhuru ilimpa kazi katika Wizara ya Elimu. Hakudumu, kwa sababu alikataa kunyamaza kuhusu watu wasiokuwa na ardhi, akaiacha mwaka 1964. Mwaka 1965, hapo hapo Kandara, Kenyatta alimkejeli mbele ya umati kwamba wenzake wamejijenga na yeye hana kitu. Kaggia aliishi maisha ya kawaida, akaendesha kinu cha kusaga unga, akafariki 2005. Mimi na wewe tumekua tukiambiwa kwamba kiongozi anapimwa kwa gari analoshuka. Nani alituambia kulikuwa na mtu wa kwetu aliyekataa hiyo mizani?

Na kama unadhani sanaa iko Nairobi tu, ingia kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James pale mjini Murang'a. Ukutani kuna michoro mikubwa ya Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro, aliyeifanya miaka ya 1950. Maisha ya Yesu yamechorwa ndani ya mandhari yetu, watu ni Waafrika, na vilima ni vya huku. Mimi niliiona nikiwa na miaka ishirini na tatu, kwa bahati, nilipoenda harusi.

Najua majibu ninayoletewa, kwa sababu nimeyasikia.

La kwanza ni la walimu. Rafiki yangu anafundisha shule ya msingi ya umma karibu na hapa. Aliniambia, "Wewe unaandika tu. Mimi nina watoto sitini na wawili. Nikiwatoa nje ya geti nahitaji ruhusa, barua za wazazi na mwalimu wa pili ambaye sina." Ana haki. Basi tusianze na geti. Hapo ndani ya uwanja kuna mteremko, udongo, mti, tangi la maji na mpishi wa shule ambaye pengine ana miaka sitini na ameona mengi. Na mzee wa mtaa anaweza kuletwa darasani kwa kikombe cha chai. Safari ya mbali inaweza kungoja hela.

La pili ni mtihani. Wanasema haya mambo hayaulizwi. Ni kweli hakuna mtu atauliza kuhusu kinu cha Kaggia. Lakini mtihani utauliza mmomonyoko wa udongo, mzunguko wa maji, uongozi, haki za raia. Mtoto aliyesimama kwenye tuta ataandika jibu lake akiwa na kitu cha kukumbuka. Aliyekariri ataandika mpaka pale kumbukumbu ilipoishia.

La tatu ndilo zito, na halisemwi kwa sauti. Historia ya huku inauma. Hapa sina budi kukuingiza nyumbani kwetu.

Mwaka jana mtoto wa dadangu alipewa kazi: muulize mzee maisha yalikuwaje zamani. Dadangu, kwa sababu ana haraka kama sisi wote, alimwambia aniletee nimtafutie kwenye mtandao. Nilikuwa nimefungua ukurasa tayari, kisha nikaona aibu. Shosho wetu yuko Kigumo, ana miaka themanini na kitu, na mimi natafuta mzee kwa Google. Jumamosi tukapanda matatu.

Shosho aliongea kwa zaidi ya saa mbili. Alikuwa msichana mdogo wakati wa hali ya hatari. Kuanzia 1954 serikali iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa eneo hili la kati na kuwafungia kwenye vijiji zaidi ya 800, vyenye ua, walinzi na kafyu. Hiyo namba niliisoma baadaye. Shosho hakutaja namba. Alituonyesha shamba la avokado la jirani, akasema, "Kijiji chetu kilikuwa hapo. Nyumba yetu ilianzia kwa ule mti." Akaeleza walivyoamshwa alfajiri kwenda kuchimba handaki kando ya msitu ili watu wa msituni wasipate chakula, na jinsi mamake alivyochimba akiwa na mtoto mgongoni.

Msichana wetu, ambaye ana miaka kumi na hajui kuogopa, akamuuliza, "Na guka alikuwa Mau Mau?"

Shosho akanyamaza. Kisha akasema kakake yeye ndiye aliingia msituni, na hakurudi. Guka, mwanamume aliyekuja kumwoa miaka baadaye, alikuwa homugadi, ngati kama tunavyosema huku.

Nimekula kwa hiyo nyumba kila Krismasi ya maisha yangu na sikuwa najua.

Kwa hivyo naelewa mwalimu anayeogopa kufungua huo mlango. Darasani ameketi mjukuu wa aliyeingia msituni kando ya mjukuu wa aliyelinda boma, na mashamba ya leo yana alama za wakati huo. Mzazi mmoja anaweza kuja shuleni kesho akiwa amekasirika. Lakini fikiria njia nyingine waliyo nayo hawa watoto. Wataipata hii historia wakati wa siasa, kutoka kwa mtu aliye juu ya gari na spika, akiwaambia nani ni wetu na nani si wetu. Au wataipata TikTok, sekunde thelathini, na muziki. Mimi naona afadhali waipate kwa shosho, ambaye alimpoteza kaka upande mmoja na kumzika mume wa upande mwingine, na bado anaweza kulieleza bila kumtukana yeyote. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtoto hilo kama yeye.

Tulipokuwa tunaondoka, shosho alinishika mkono, akaniuliza, "Na wewe, mbona hukuwahi kuniuliza?" Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba shosho ni mtu wa kuulizwa. Siku hizi ameanza kusahau. Nikimpigia simu, kuna siku ananiita jina la mamangu.

Ndiyo maana sioni haya kama mambo ya kupendezesha shule. Bwawa litangoja na matuta yatangoja. Waliochimba handaki wakiwa watoto sasa wako juu ya miaka themanini, na kila Jumamosi huku ukipanda barabara ya Kenol kwenda juu unaona misafara ya mazishi. Ndani ya kila jeneza kuna somo ambalo halikuandikwa.

Na wala hatungekuwa tunaanzisha kitu kigeni. Baada ya kugombana na wamishonari mwaka 1929, watu wa Murang'a, Nyeri na Kiambu walijenga shule zao wenyewe, kwa mawe na pesa zao, kwa sababu walitaka mtoto asome bila kuambiwa aache kuwa mtu wa kwao. Mkoloni alizifunga hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Hao watu walikuwa na pesa kidogo kuliko sisi na hawakuwa na simu.

Wewe unayo simu, kwa hivyo nina maombi matatu.

Kama wewe ni mwalimu, badilisha kazi moja tu kila muhula. Badala ya "leta picha ya mto", andika "nenda mtoni na mtu mzima, niambie maji yana rangi gani baada ya mvua na kwa nini". Badala ya "leta picha ya mzee", andika "mlete mzee".

Kama wewe ni mzazi, au anko na anti kama mimi, usikimbilie saiba kwanza. Najua naharibu biashara yangu mwenyewe. Uliza kwanza: hiki kitu kiko karibu na hapa? Mara nyingi kiko.

Kama wewe si mwalimu wala mzazi, uko tu na miaka ishirini na tatu na bundles, rekodi mtu. Washa simu, muulize shosho au guka wako alikua wapi, shamba lilikuwa la nani, mto ulikuwa na samaki gani, kisha peleka hiyo sauti kwa shule uliyosomea. Mwalimu mwenye watoto sitini na wawili hana muda wa kuzunguka vijiji. Wewe, tuseme ukweli, unao. Mimi niliacha chuo na bado nimepata kitu cha kupeleka darasani.

Upande wangu, nimekaa na bosi wa saiba tukakubaliana. Mtoto yeyote akileta kazi aliyoandika mwenyewe baada ya kumuuliza mzee wa kwao, au picha ya mto, mti au tuta aliyoipiga mwenyewe, tutaprinti bure, hata za rangi. Picha za Hoover zinabaki bob ishirini.

Yule kijana wa bwawa bado hajarudi. Nimemwekea picha ya Ndakaini kwenye droo. Akija, nitamwambia ndiyo, Kenya tunalo, na nitamwonyesha barabara ya kwenda huko.